Mlingoti wa Bi Opareta

Juzi binti yake Bi Opareta alinipigia simu kutoka Mkomani, akaniomba nimwendee mama yake nikamshawishi akubali mlingoti ushushwe.

"Wewe yuwakusikiliza," alisema. "Mimi nikitia neno hunitazama kama niliyekuja kuuza sabuni. Masikio yamekwisha, dada. Adhana haisikii, hodi haisikii, hata simu aliyoishika mkononi haisikii ikilia. Sasa redio ni ya nini? Na ule mti wa chuma umeliwa na kutu. Siku moja utashukia mabati ya watu, wallahi, na yatakuwa matanga ya kujitakia."

Nilimwambia nitakwenda Jumamosi. Akasema vyema, kwani mafundi wa kuushusha nao amewaita Jumamosi hiyo hiyo.

Nilibaki nimeketi ofisini kwangu, katika chuo ninakofundisha kompyuta, nikijaribu kupanga maneno ya kumwambia mwanamke yule aliache jambo ambalo bila hilo nisingekuwa katika kiti kile. Hayakupangika. Kila sentensi niliyoianza ilinirudisha Magogoni, kwenye ngazi yake nyembamba ya saruji, na nikajikuta namkumbuka badala ya kumpinga.

Mtaani kwetu hakuna amwitaye kwa jina lake. Ni Bi Opareta, kwa kazi aliyoifanya tangu usichana wake hadi alipostaafu: kukaa mbele ya ubao wa simu mjini, vifaa vya kusikilizia vimekaa juu ya mtandio, akichomeka waya huku na kuuchomoa kule ili mtu wa Likoni apate kusema na mtu wa Nairobi. Walioziishi enzi zile wanakumbuka kwamba simu haikuwa ikipita yenyewe. Ilipita mikononi mwa mtu. Sauti yake, "Haya sema sasa, bwana, mwenzio yupo," ilijulikana Kisauni nzima kuliko uso wake.

Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Alilolipenda lilikuwa juu ya paa. Ngazi ile ilipanda hadi stoo ndogo ya juu, na nje ya stoo ukasimama mlingoti wa mabomba ya maji yaliyounganishwa, umevutwa pande zote kwa nyaya za kuukaza, na kileleni pake zikatawanyika nyaya za antena mithili ya kamba za kuanikia nguo za mtu mrefu mno. Humo stooni alifanya redio ya ridhaa. Kwa wasioijua, hiyo ni shughuli ya watu wanaorusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi tu, baada ya kufanya mtihani na kupewa leseni. Hawatangazi habari wala hawapigi nyimbo. Hutafutana hewani, mtu wa pembe hii ya dunia na mtu wa pembe ile, wakaulizana hali, mvua na mitambo yao. Kila mmoja ana jina lake la hewani, la herufi na tarakimu. Bi Opareta alilitamka lake kwa namna ambayo wengine hutamka ukoo.

Adabu ya hewani aliishusha mpaka jikoni. Huko juu watu wawili hawawezi kusema pamoja; amalizaye humwachia mwenzake kwa neno maalumu, na neno lake yeye lilikuwa "nakupisha." Basi ungemkuta akipaa samaki, akakwambia, "Leo nguru amepanda bei, na muuza nazi naye amekuwa sultani, nakupisha," kisha akanyamaza kabisa, kisu kimesimama, hadi useme lako. Wageni walidhani amekasirika. Sisi tuliomzoea tulijifunza kuzimaliza sentensi zetu. Sijapata kuiona nyumba nyingine pwani hii ambamo wanawake wanne huzungumza na kila mmoja wao akasikika.

Aliyemdakiza alikoma.

"Umenipanda juu," angemwambia. "Sasa hakuna aliyesikia, si wewe si mimi. Anza tena."

Kabla ya kurusha neno lolote, desturi ya wenzake ni kuuliza kwanza kama mahali pale hewani pana mtu, kungoja, na kuuliza tena. Yeye hakuona tofauti ya jambo hilo na malezi aliyolelewa. "Hodi ni hodi," alitwambia, "ya mlangoni na ya hewani. Asiyepiga hodi ni mwizi, hata akiwa hakuchukua kitu."

Kwa miaka kadhaa alizungumza na baharia mmoja Mgiriki, afisa wa redio katika meli ya mizigo. Walitumia lugha ya nukta na mistari, ile ya telegrafu ya zamani, ambayo mtu huigonga kwa kigongeo kidogo cha shaba na upande wa pili ikatoka milio mifupi na mirefu. Lugha hiyo haina sauti ya kiume wala ya kike. Meli ilipotia nanga Kilindini, Mgiriki yule alichukua teksi, akauliza nyumba yenye mlingoti, akashuka na kumkuta mume wa Bi Opareta ameketi barazani na kikoi chake. Akamkumbatia. Akambusu shavu hili na shavu lile, akamwita rafiki yake wa miaka yote. Mume, aliyekuwa karani bandarini na mtu mpole kupita kiasi, aliyavumilia mabusu hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Mimi ni mtu wa chai tu," akasema kwa Kiingereza chake cha bandarini. "Umtakaye ni yule."

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye leso kiunoni na unga mikononi. Mgiriki alitazama, akatazama tena, hakuamini. Bi Opareta aliinua mkono wake wa unga, akagonga kwenye fremu ya mlango, kwa kifundo cha kidole, jina la hewani la mgeni wake kama alivyokuwa akiligonga miaka yote. Mgiriki akaivua kofia yake.

Mama yangu, aliyeshuhudia kutoka ng'ambo ya ukuta, alipenda kumalizia kisa hiki kwa kusema kwamba mgeni alikula mahamri mpaka teksi ikachoka kungoja.

Ni Mgiriki huyo aliyemletea, katika safari iliyofuata, kompyuta. Vijana ninaowafundisha leo wangeicheka. Ilikuwa kinanda cheusi kisichozidi siniya ya vikombe, hakina kioo; uliichomeka kwenye televisheni ya nyumbani, na programu zake zilikuwa kwenye kaseti za kawaida, zile za nyimbo. Kaseti ikizunguka ilitoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, na mlio huo ndio kompyuta iliousoma. Ilikuwa ya kwanza Kisauni. Sina uthibitisho, lakini ndivyo tulivyojisifu, na hadi leo hakuna aliyekuja kutupinga.

Jumamosi baada ya madrasa aliwaita wasichana wa mtaa. Tulivua viatu, tukaketi mkekani mbele ya televisheni, kila mmoja akingoja zamu yake kwenye kinanda.

"Mashine hii," alitufunza siku ya kwanza, "ni tiifu kuliko nyinyi na jinga kuliko kuku. Ukiiambia ijitose baharini itajitosa. Na kosa litakuwa la nani?"

"Lake!" mmoja wetu akajibu.

"Rudi mwisho wa mkeka. Lako!"

Programu yangu ya kwanza ilichora pindo la leso. Nilipoziona korosho za pindo zikijipanga moja moja kwenye kioo, kwa amri zangu, za mkono wangu, nilipiga ukelele. "Kelele za nini?" akauliza. "Umeweza. Fanya na mji wake sasa, pale katikati." Hakuwa mtu wa kusifu. Lakini jioni ile nilimsikia akimwambia mama yangu ukutani, akidhani nimekwenda zangu, "Huyu wako ana kichwa, msimwoze upesi." Nimepata vyeti kadhaa tangu hapo. Hakuna hata kimoja kilichoniinua kama maneno hayo ya ukutani.

Kuna Ramadhani aliyoitumia yote kuandika programu ya kufunzia lugha ya nukta na mistari: ungebonyeza herufi, kompyuta ikakugongea mlio wake. Aliihifadhi katika kaseti, akaiacha juu ya kabati. Wifi yake akaiokota, akaisikiliza, akaona ni kaseti iliyoharibika, haina ila mkwaruzo, na kwa moyo mwema kabisa akaenda kurekodia taarabu ya harusi. Sikukuu ilipopita tukaketi mkekani, Bi Opareta akaitia kaseti, na televisheni ikakataa. Akaitia kwenye redio. Kikaja kinanda, ikaja fidla, akaja mwimbaji na mafumbo yake ya kumrushia mke mwenza. Tuligeuka kumtazama Bi Opareta. Yeye aliusikiliza wimbo wote hadi mwisho, mikono magotini.

"Angalau wameimba vizuri," akasema, na akaanza kuandika upya kutoka mstari wa kwanza. Tangu siku hiyo kaseti zake zote zilibandikwa karatasi yenye maneno mawili: KELELE YANGU.

Binti yake peke yake hakuketi kwenye mkeka ule. Alipita nyuma yetu akienda kuchota maji, akapita tena akirudi. "Mama yuwasikia watu wa Brazili," aliniambia siku moja tulipokuwa wasichana, "nami nikimwita kutoka chini hasikii." Neno hilo lilikuwa kweli, na sitalificha nyuma ya sifa ninazommiminia mama yake. Aliyekuwa na subira ya kungoja mwito hafifu upande wa pili wa dunia hakuwa na subira ileile na mlango wa chumba chake mwenyewe. Ukimgusa bega akiwa kazini aliinua kidole kimoja: ngoja. Binti yake alikua chini ya kidole hicho.

Hakukosa migongano mingine. Alijua hali ya hewa ya Brazili, lakini feri ya Likoni ilimtia hofu. Palipotokea msiba wa jamaa ng'ambo ya kivuko alivuka amefumba macho, amemshika mama yangu mkono hadi ukafa ganzi. "Brazili siendi kwa miguu," alijitetea. "Mawimbi yangu hayana maji." Elimu yake aliigawa bure kwa kila aliyeitaka, lakini bisibisi yake hakumwazima hata mumewe, ambaye ilimbidi anunue yake na kuificha kazini. Alitengeneza redio za mtaa mzima, na feni ya sebuleni kwake ilizunguka ikigonga miaka nenda miaka rudi, "kwa sababu," alisema, "hiyo nayo ukiizoea haisikiki."

Mlingoti huu, nilikumbuka, si mara yake ya kwanza kuhukumiwa.

Ilikuwa alasiri, sheikh wa msikiti wetu yu katikati ya darsa, na spika za mnarani zinaipeleka sauti yake mtaa mzima. Ghafla zikakwaruza. Sheikh akanyamaza kuona kulikoni, na katika kimya hicho ikatoka, juu ya mapaa yote ya Magogoni, sauti ya mwanamke:

"Maskati, Maskati, wanisikia? Mume wangu yuko kazini, nyumba imetulia, leo nakusikia kama uliye jikoni mwangu. Nakupisha."

Mwenye duka aliyekuwa akipima sukari aliuacha mzani ukining'inia. Wanawake walitoka milangoni. Hakuna ambaye hakuijua sauti ile; ilikuwa imewaunganishia simu zao zote.

Kwa watu wa redio, maneno yale yalikuwa safi kama maji ya birika. Mumewe alipokuwa nyumbani aliwasha televisheni na ile feni, navyo vilitia mkwaruzo katika mitambo. Nyumba ikitulia, mwito husikika vyema. Na huyo Maskati alikuwa mzee wa umri wa babu, mwenye asili ya Unguja, aliyefurahi kupata mtu wa kusema naye Kiswahili. Lakini nani angeyaeleza hayo kwenye foleni ya maji?

"Mume kazini, Maskati jikoni!" alicheka bibi mmoja mwenye ulimi. "Na sisi wenye mafiga matatu jikoni hatupati hata mtu wa Mtopanga hapo jirani!"

Watoto waliimba njiani: Maskati, Maskati, wanisikia? Mume aliporejea jioni alikuta wanaume wenzake wamejipanga barazani, nyuso za maziko.

"Pole, bwana."

"Pole ya nini?"

Wakamweleza. Akafikiri.

"Huyo wa Maskati," akasema, "akiweza kufika jikoni kwangu bila kupita mlangoni, mkaribisheni. Na aje na gesi, yetu imekwisha."

Kamati ya msikiti haikucheka. Ilikuja siku ya pili yake, mwenyekiti mbele, mfanyabiashara wa vitambaa na mtu wa heshima zake, na sheikh nyuma yake. Waliketi barazani. Bi Opareta alisimama mlangoni amejitanda, na wanawake tukajaa ukutani.

"Sisi hatukushuku," mwenyekiti alianza. "Twakujua, na mumeo twamjua. Lakini nyumba ya Mungu si mahali pa Maskati. Mlingoti ushuke kabla ya Ijumaa."

Alimngoja amalize, kama kawaida yake.

"Umemaliza, mwenyekiti?"

"Nimemaliza."

"Basi nisikilizeni nami. Kosa ni langu, na ni la nyaya zenu. Nyaya za spika za msikiti ni ndefu na hazina pazia. Mawimbi yangu yapita njia, yazikuta wazi, yaingia. Nileteeni amplifaya yenu niitie pazia. Ikifika Ijumaa nami nikasikika tena, nitaupanda mlingoti mwenyewe na msumeno."

"Mwanamke apande mlingoti?"

"Mwadhani nani aliusimamisha?"

Sheikh aliinama, akajishughulisha na ndevu zake. Nadhani alikuwa akicheka.

Amplifaya ililetwa na mwadhini mwenyewe, imefunikwa shuka kama biharusi, naye akakataa kuondoka. Aliketi kibarazani akiilinda huku akiletewa kahawa. Bi Opareta alichukua pete nyeusi za chuma alizozing'oa katika televisheni zilizokufa, akazizungushia nyaya za spika na waya wa umeme, akalehemu, akafunga. Alhamisi ikarudishwa. Makubaliano yalikuwa kwamba kamati ikae msikitini, spika zimewashwa, na yeye aite Maskati kwa nguvu zote za mtambo wake. Mtaa mzima ulijua. Mama yangu alikuwa na tasbihi mkononi. Sote tulifahamu kwamba ikitoka hata pumzi moja kwenye spika zile, mlingoti utashuka, na pamoja nao kompyuta, mkeka na Jumamosi zetu.

Tulingoja. Spika zilivuma kidogo, kama zinavyovuma zote. Tukangoja. Hatimaye mwenyekiti alichoka, akatoka msikitini kwa hatua za haraka, akasimama chini ya nyumba na kuinua uso.

"Bi Opareta! Twakungojea sisi! Anza basi!"

Akachungulia kutoka juu, vifaa vya kusikilizia vimening'inia shingoni.

"Nimeshamaliza, mwenyekiti. Maskati awasalimu nyote. Asema mumwombee mguu."

Vigelegele vilipigwa kwenye nyua zote, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti akicheka hadi meno ya nyuma. Kuanzia hapo amplifaya ya msikiti ilipougua haikupelekwa kwa fundi mwingine. Wengi wametoka Magogoni na vyeo vyao, na kila mmoja ana watu wa kumpongeza. Mimi nikiulizwa nimetoka wapi, husema nimetoka mtaa ule ambao mwanamke aliutetea mlingoti wake kwa adabu na pete za televisheni mbovu, akashinda.

Jumamosi nilifika kabla ya mafundi. Mumewe alitangulia mbele ya haki zamani, na nyumba ilikuwa kimya. Nilipiga hodi kwa desturi tu, nikapanda ngazi.

Alikuwa ameketi mbele ya mtambo, amenipa mgongo. Spika aliitoa kava lake la mbele, ikabaki ile karatasi nyeusi ya ndani iliyo mfano wa faneli, na juu ya karatasi hiyo aliweka vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kwa wepesi, kama daktari apimaye mshipa. Macho ameyafumba. Milio mifupi na mirefu ilijaa chumbani kwa sauti ambayo mwenye masikio asingeivumilia. Nilimgusa bega. Akainua kidole cha mkono wa kulia: ngoja.

Lugha ile naijua, ingawa polepole. Nilianza kuziokota herufi: mji, neno la mvua, halafu nikapotea.

"Yuko Durban," alisema kwa sauti kubwa ya wasiojisikia. "Mvua imemwangushia waya. Asema mjukuu wake amefaulu mtihani."

Mimi nilikuwa bado kwenye mvua. Masikio yangu mazima yaliachwa nyuma na vidole vyake.

Alimjibu mwenzake kwa kigongeo, wakaagana, kisha akageuka na kuniona ni nani. Nikamwamkia nikiwa nimemwelekea, apate kuiona midomo yangu.

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa, eh?"

"Nimetumwa."

"Najua. Nimeona vile ulivyosimama."

"Umeanza lini kusikia hivi, mama?"

"Tangu masikio yaliponiaga. Zilikwenda sauti za watu, zikaja zikaenda za ndege, mwisho ikaenda adhana. Nikawa nawasha mtambo ili nione taa zake tu. Siku moja nikaweka glasi ya maji juu ya spika, nikaona maji yacheza. Nikasema, kumbe yupo mtu. Nikaweka mkono."

"Na hukumwambia mwanao?"

"Yeye aniuliza, mama, wasikia au husikii? Nami namjibu kweli. Sisikii."

Maneno niliyojaribu kuyapanga ofisini hayakuwa na pa kuingilia. Na wakati huo huo kukasikika viatu ngazini: binti yake, na nyuma yake mafundi wawili kutoka Changamwe na kamba na spana zao. Mmoja alipita moja kwa moja hadi nje ya stoo na kuanza kupanda. Tuliiona miguu yake dirishani.

"Madam," mwenzake akauliza, "tunafungua kutoka juu ama tukate hapa chini?"

"Ngojeni kidogo." Binti alinigeukia. "Umemwambia?"

"Bado. Hebu njoo kwanza."

Kabla sijaeleza lolote, mama yake alimshika mkono, akamketisha kwenye kigoda, akaviweka vidole vyake juu ya ile karatasi nyeusi. Spika ilikuwa kimya. Binti alinitazama kwa uchovu wa mtu aliyeyazoea mambo ya mama yake. Kisha mwito ukaja, wa mtu mwingine, na akauvuta mkono kama aliyeungua. Akaurudisha mwenyewe.

"Hii ni nini?"

Mama yake alimsoma midomo. "Huyo ni mtu. Mzee mwenzangu, yuko Morisi. Aniita kila Jumamosi. Auliza kama bado niko."

"Na wewe wamwambiaje?"

Bi Opareta alitazama dirishani, kwenye miguu ya fundi.

"Leo sijui. Mwenye mafundi ni wewe."

Mwito ulikuja tena, jina lilelile la herufi na tarakimu, likatulia, likaja tena. Binti hakuuondoa mkono. Alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, na nilimwona akiusikiliza kwa uso wote, kama asikilizavyo mtu mlangoni pa chumba.

"Jina langu huendaje?" akauliza, akalirudia swali polepole, amemwelekea.

Mama yake aliuchukua mkono wake mwingine, akaugeuza, akaligonga jina hilo katikati ya kiganja, herufi kwa herufi.

"Tena," akasema binti.

Akaligonga tena.

"Madam!" fundi aliita kutoka juu. "Nifungue nati ama vipi?"

Binti aliinuka, akatoka nje. Alisimama chini ya mlingoti, akajikohoza kwanza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutii na kutiiwa:

"Usifungue. Maadam umeshapanda, zikaze. Zote. Na hizo nyaya zilizolegea, na mwisho mpake rangi ya kuzuia kutu."

"Lakini si ulisema..."

"Nasema sasa. Kaza."

Spana ikaanza kugonga chuma. Bi Opareta hakuisikia. Aliweka kiganja ukutani, ukuta ukampa mtikisiko wake, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa kuwa ukuta haukuweza kumwambia nati inakwenda upande gani.

"Wanafungua?" akaniuliza.

Nilisogea mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, ili aione midomo yangu vizuri.

"Wanakaza, mama."

Akaushusha mkono ukutani, akageukia kigongeo chake, na akamjibu Morisi.